ADE 651: kigunduzi cha mabomu kisichogundua chochote

Kifaa cha ADE 651, kilichouzwa na Mwingereza James McCormick kwa ajili ya kugundua mabomu, ni mpini wa plastiki wenye antena inayozunguka kwa wepesi mno, kiasi kwamba mkono ukiinama kidogo tu antena hugeuka na askari huamini kuwa kuna kitu. Hakina betri, kwani muuzaji alidai kwamba kinaendeshwa na umemetuli wa mwili wa mtumiaji. Kadi yake, iliyodaiwa kunasa baruti, ilipopasuliwa mwaka 2010 ilikutwa na kibandiko cha kuzuia wizi madukani pekee. Muundo wenyewe ulitokana na kifaa cha kutafutia mipira ya gofu cha bei isiyofika dola 20, ilhali kimoja kiliweza kuuzwa kwa dola 40,000.

Mwaka 2013 mahakama ya Old Bailey, London, ilimtia McCormick hatiani kwa ulaghai na kumhukumu kifungo cha miaka 10. Kwa maoni yangu, adhabu hiyo ni ndogo, kwa kuwa vizuizi vya Baghdad vilikitegemea kifaa hiki katika miaka ambayo mabomu ya magari yaliua mamia ya watu. Linaloniuma zaidi ni kwamba Iraki iliendelea kukitumia hadi Julai 2016, ambapo, baada ya shambulio la bomu katika mtaa wa Karrada, Baghdad, Waziri Mkuu Haider al-Abadi aliamuru kiondolewe.