Msitu wa Arabuko-Sokoke kule pwani ya Kenya au wa Kakamega kule magharibi, kama una siku moja tu?

Mi nimezunguka kote kuwili, na kwa siku moja ya kaskazi naenda Arabuko-Sokoke, unaingia kwa upande wa Gede saa kumi na mbili asubuhi na mtembezaji anayejua milio ya ndege, maana yule bundi mdogo wa Sokoke ana sentimita 16 hivi tu na amejibana kichakani kama jani kavu, utampita hivihivi. Kwera wa Clarke naye, ndege mfumaji viota, nje ya Kilifi humpati kabisa! Mchana pitia mradi wa Kipepeo, wa kufuga vipepeo, upo hapo Gede tangu 1993. Kakamega kwa vipepeo vya porini inashinda aisee, vinajazana kwenye matope njiani vikifyonza chumvi, ila mvua ya alasiri inakukatia siku.