TAHADHARI: Spindo za Beetle "za kushusha" zinazouzwa Nairobi zimekatwa na kuchomelewa

Mwenye Volkswagen Beetle iliyoshushwa mbele, soma hii kabla hujatuma pesa. Kuna seti inayotangazwa mitandaoni na kuletwa na boda hadi mlangoni: spindo mbili za kushusha (chuma chenye ekseli fupi ambayo gurudumu la mbele hufungwa) na shokapu mbili fupi, zote zikiitwa mpya kutoka ng'ambo. Spindo hizo ni kuukuu. Zimekatwa kwa grenda, ekseli ikachomelewa juu zaidi, mshono ukasagwa, ukafunikwa kwa puti na rangi nyeusi nzito.

Watu wananaswa kwa sababu maneno ya muuzaji, kwamba spindo hushusha gari bila kulifanya ligonge, yenyewe ni kweli. Ukishusha Beetle kwa kuzungusha ajasta za bimu (mabomba ya mbele yanayobeba mikono ya magurudumu) peke yake, mikono ya mbele hukaa karibu na raba za kuizuia isigonge chuma, na kila tuta la mtaani huwa kishindo. Spindo halali imeinuliwa ekseli yake kwa kama milimita 64, hivyo gari hushuka lakini mikono hubaki pale kiwanda kilipoiweka, na springi hucheza nafasi yake yote. Hakuna njia nzuri kuliko hiyo ya kupata gari la chini lisiloumiza mgongo.

Ila spindo ndiyo inayobeba gurudumu na breki. Chuma kilichochomelewa kiholela na kuachwa kipoe haraka huwa kigumu na rahisi kuvunjika kando ya mshono. Ufa huanza chini ya puti, ukaongezeka kwa kila shimo, halafu siku moja gurudumu linang'oka pamoja na breki yake. Fikiria hilo Thika Road, watoto wakiwa nyuma. Wapo mafundi wa ng'ambo wanaochomelea spindo za zamani za kingipini (muundo wa kabla ya boljointi) kwa mashine, kwa vipimo na ukaguzi wa nyufa. Lakini kwa bimu ya boljointi, iliyoanza kwenye Beetle za 1966, tafuta kipande kilichotengenezwa kizima.

Nenda na kitambaa, tina, sumaku na kisu. Futa rangi pale ekseli inapokutana na mwili wa spindo, pande zote. Puti hukwanguka kama chaki na sumaku hushika hapo kwa udhaifu. Mikwaruzo ya grenda inayozunguka shina la ekseli inatosha kukufanya uondoke. Weka spindo mbili ubavu kwa ubavu: zikitofautiana kimo hata milimita mbili, si za kiwandani. Muuzaji akikataa usifute rangi, jibu umelipata.

Shokapu nazo ni za mitumba: zimetobolewa, zikajazwa oili nzito, tundu likazibwa kwa welding. Isimamishe wima, uibonyeze na kuivuta polepole mara tano. Nzima hukaza sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ikiteleza bure sehemu fulani ina hewa, na ikigoma kama jiwe ina oili isiyofaa. Vidoa vya kutu kwenye fimbo vitakula sili. Hata iliyo mpya kweli isifike mwisho kabla mkono haujagusa raba, la sivyo itavunja mahali inapofungwa kwenye bimu. Fundi akikwambia uondoe hizo raba ili gari "lilainike", kataa.

Kabla ya kununua chochote, kagua upepo wa tairi. Vituo vingi vya petroli hujaza psi 32 kote, ilhali Beetle yenye tairi za kawaida za 165 inataka kama 16 hadi 18 psi mbele na 24 hadi 27 nyuma. Kisha inua mbele, magurudumu yakining'inia, upige grisi kwenye nipo (chuchu za grisi) zote nne za bimu hadi ile mpya itokeze. Bimu kavu hugonga hata ikiwa na shokapu nzuri.

Amana huombwa kwa namba ya mtu binafsi, si till ya biashara. Kama umeshatuma, peleka ujumbe huo wa M-Pesa kwa 456 papo hapo kuomba pesa zirudishwe. Pesa zikishatolewa, kurudishwa ni kazi ngumu.

Kama umeshazifunga, usiliendeshe gari hata hadi gereji. Rudisha spindo zako za awali gari likiwa hapo hapo lilipo, na uhifadhi hizo mbovu, risiti na jumbe zote kwa ajili ya polisi.