Kamera za ulinzi zenye akili mnemba: ipi ununue, ipi uiache dukani

Siku hizi karibu kila boksi la kamera ya CCTV limeandikwa "AI", na ndani ya maandishi hayo kuna vitu visivyofanana hata kidogo. Nimevipanga hapa kwa mwenye nyumba au duka anayetaka kamera mbili hadi sita, mahali ambapo umeme hukatika na bando huisha.

Kamera ya zamani haimjui mtu. Inalinganisha picha ya sasa na iliyotangulia, na ikiona pikseli (vinukta vinavyounda picha) zimebadilika inatuma taarifa. Mwembe ukiyumba, taarifa. Mvua, taarifa. Usiku ni balaa zaidi, maana buibui hutanda mbele ya lenzi na mwanga wa infraredi huufanya utando uwake mweupe. Mwenye nyumba huchoka, akazima taarifa zote, na kamera inabaki ya kutazama wizi uliokwisha kutokea. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: simu ikilia saa nane za usiku, iwe kweli ni mtu.

Nafasi ya kwanza naipa kamera inayotambua mtu na gari ndani yake yenyewe. Modeli, yaani programu iliyofunzwa kwa picha nyingi, imo kwenye chipu ya kamera, hivyo intaneti ikikatika utambuzi unaendelea na video inaingia kwenye memori kadi au NVR, kisanduku kinachorekodi video za kamera zote. Hikvision huiita AcuSense, Dahua huiita WizSense, na kampuni nyingine zina majina yao. Usiridhike na jina. Mwambie muuzaji aiwashe, afungue menyu, akuonyeshe mahali pa kuchagua "mtu" peke yake na pa kuchora mstari ambao mtu akiuvuka unapata taarifa, kisha pita mbele ya kamera. Ukifika nyumbani chora mstari huo ndani ya geti. Ukiuchora barabarani utaletewa kila mpita njia. Usalama wa kamera yenyewe nao ni muhimu: mwaka 2021 lilifichuliwa tundu kwenye kamera nyingi za Hikvision lililomwezesha mtu wa mbali kuzitawala bila nywila. Sasisha programu ya kamera, badilisha nywila aliyoweka fundi, na usimruhusu afungue porti (njia ya kuingilia kutoka intaneti) kwenye ruta yako.

Kama kamera ziko ukutani tayari na bado nzima, nunua NVR yenye utambuzi ndani yake. Hii ni nafasi ya pili. Uliza inachambua kamera ngapi kwa wakati mmoja, kwa sababu NVR ya kamera nane inaweza kuchambua chache tu kati ya hizo.

Ya tatu ni ya wanaopenda kompyuta: Frigate, programu huria inayofanya utambuzi kwa kutumia kompyuta ndogo na kamera za kawaida. Unaweza kuiongezea Google Coral, kifaa cha USB kinachofanya hesabu trilioni 4 kwa sekunde kwa takribani wati 2, jambo zuri kwa anayetegemea betri. Fahamu tu kwamba modeli nyingi za bure zimefunzwa kwa mkusanyiko wa picha uitwao COCO, wenye aina 80 za vitu. Mtu yumo, pikipiki imo, hata twiga na pundamilia wamo. Bajaji na panga havimo.

Ya nne, kamera zinazotuma video mtandaoni ichambuliwe huko. Mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde hula MB 900 kwa saa, yaani zaidi ya GB 21 kwa siku kwa kamera moja, na ada ya kila mwezi juu yake. Bila faiba, sahau.

Utambuzi wa nyuso nauweka mwisho, na nakusihi usiulipie. Desemba 2019 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilichapisha majaribio ya programu nyingi za aina hii, ikaonyesha kuwa kwa nyingi kati yake makosa ya kumfananisha mtu na asiye yeye yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia ya Mashariki. Hao ni wateja wako na majirani zako. Kumshika kijana asiye na hatia mbele ya umati wenye hasira kunaweza kumgharimu uhai. Isitoshe, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi, na kuhifadhi nyuso za watu kunakuingiza humo.

Unachohitaji ni picha ambayo binadamu ataitambua, na hiyo ni kazi ya lenzi. Kiwango kinachotumika ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kamera yenye upana wa pikseli 1920 inafunika upana wa mita 7 na nusu hivi, basi. Ndiyo maana kamera moja iliyopachikwa juu ya paa kutazama uwanja wote haitakupa uso wa mtu. Ongeza ya pili getini, iwe chini kidogo, ielekee mlango tu.