Mtoto avuliwe sweta kwa sababu ya picha?

Jina la shirika silitaji. Wenye watoto huku Uyole, Mbeya, mtalijua tu, na mambo ya sare na madaftari wanayogawa mnayajua pia. Mimi nina habari ya sweta.

Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, yuko darasa la sita, mimi ndiye mama yake mkubwa na ndiye ninayemlea. Ada ya shule za serikali ilifutwa, nashukuru. Lakini muulize anayelea: viatu nani ananunua? Mchango wa chakula je? Ndiyo maana nilijaza fomu zao.

Siku ya picha za kutumiwa wafadhili ilikuwa kipindi kile cha baridi, Juni au Julai, asubuhi ambayo ukipumua unaona mvuke. Watoto wamepangwa mstari, kila mmoja ameshika kikaratasi chenye namba. Wa kwangu alikuwa na sweta ya bluu, nimemfumia kwa fundi Mwanjelwa, nimelipa kwa awamu mbili, hela ya viazi. Afisa akamtazama juu mpaka chini. "Hii sweta mpya umeitoa wapi? Ivue. Mfadhili akiiona atasema huna shida."

Nikasema, dada yangu, baridi hii jamani. Hata hakugeuka. "Mama, kama hutaki, wenye kuhitaji nafasi wako wengi."

Mbele ya walezi wote!

Mtoto akavua. Shati lilikuwa limechanika kwapani, na sweta nilimfumia kwa sababu hiyohiyo. Akabana mkono ubavuni lile tundu lisionekane, akapigwa picha hivyo hivyo, amebana mkono, midomo inamtetemeka. Na mimi nilinyamaza. Nilifikiria madaftari, nikanyamaza, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinanibana.

Kwa hiyo nasema: msiwapeleke watoto pale. Umaskini wetu si wa kupambwa ili upendeze kwenye picha.

Lakini nikisema hivyo nitakuwa sijamtendea haki yule binti wa chuo anayejitolea kuwafundisha hesabu Jumamosi. Mwanangu hesabu za sehemu, nusu na robo, zilikuwa zinamliza. Dada yule aliwaambia walete viazi, wakavikata, wakagawana, wakaunganisha tena. Siku moja nimerudi nimechoka, mtoto akaniuliza lumbesa ya wale madalali, yaani gunia linalojazwa kupita kiasi, inafika kilo ngapi. Nikamwambia hata 125. Akachukua daftari akapiga hesabu: gunia ni kilo 100, kwa hiyo kila magunia manne unayouza, mama, la tano unawapa bure. Nimelima viazi miaka yote, hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo. Nilimkumbatia. Mwalimu yule Mungu amzidishie, ndaga fijo, asante sana.

Basi Jumamosi bado nampeleka. Nilisema msiwapeleke, na mimi nampeleka, ndivyo ilivyo.

Ila hasira haijaisha. Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, akaniambia Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kudhalilishwa, nikawaombe waiondoe ile picha. Nikarudi ofisini kwao. Nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na yule yule afisa akanipita mara tatu. Mwishoni akanijibu akiwa amesimama mlangoni: "Ilishatumwa, mama." Hakuniambia pole, wala hakuuliza mtoto anaendeleaje. Hivi yeye hana mtoto? Kuna mtu huko ng'ambo anamjua mwanangu kwa mkono aliobana, na hajui kwamba anajua hesabu.

Siku ya picha inakuja tena. Nimeshamwambia mtoto, utavaa sweta yako. Wakisema vua, tunaondoka wote wawili mbele ya watu wale wale, hata kama madaftari yatakatika. Yule mwalimu wa Jumamosi nitamfuata mwenyewe nimwombe aendelee kumfundisha. Ile ya bluu imeanza kumbana mabegani, na fundi ameshaanza kufuma nyingine.