Uzoefu wangu: tovuti ya nyumba ya wageni Kirumba baada ya kutengenezwa upya

Ninaendesha nyumba ya wageni yenye vyumba 14 hapa Kirumba, jijini Mwanza, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Mwaloni. Wageni wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa, wasafiri wanaosubiri meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, na watu waliokuja mjini kumuuguza ndugu yao katika hospitali ya Bugando. Maelezo haya yanahusu huduma niliyopewa na dada mmoja mbunifu wa tovuti, mwenye ofisi yake Nyakato, aliyenitengenezea upya tovuti yetu kwa shilingi 1,200,000.

Tovuti ya kwanza tulitengenezewa na fundi mwingine mwaka 2021, na kwa kuitazama ilikuwa nzuri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kubwa tano zilizopokezana, ya kwanza ikiwa Jiwe la Bismarck wakati jua linazama, na maneno membamba meupe yaliandikwa juu ya maji yanayong'aa. Niliipenda kwa dhati na nikaionyesha kwa kila aliyenitembelea. Hata hivyo, simu zilizoingia mapokezi ziliendelea kuuliza mambo ambayo tovuti ilikwisha kuyaeleza, yaani bei, mahali tulipo na kama kuna maegesho, nami nikaamini kwamba watu hawapendi kusoma.

Kilichonibadilisha ni mama mmoja aliyekuwa akisafiri kutoka Bukoba. Fomu ya zamani ilimtaka mgeni achague saa ya kuwasili katika orodha ya saa 24, naye akachagua 02:00 akimaanisha saa mbili usiku, kama ambavyo yeyote kati yetu angesema. Mfumo ulielewa saa nane usiku, na kwa kuwa hakuonekana hadi kulipokucha, chumba chake kikarudishwa kwenye orodha ya vyumba vilivyo wazi na mtu mwingine akakichukua. Alipofika jioni hiyo akiwa na mtoto mgongoni, hatukuwa na pa kumlaza. Nilimpeleka kwa jirani na kumlipia, lakini uso wake sijausahau, kwa sababu hakuwa amekosea chochote.

Nilitarajia mbunifu huyu mpya aanze kwa kunionyesha rangi na michoro. Badala yake aliniomba nimtafutie watu 5 wa aina ya wageni wetu, akieleza kuwa tangu mwaka 2000 mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, Jakob Nielsen, alikwisha kuandika kwamba idadi hiyo hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya tovuti. Alikaa nao mapokezi, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akitumia simu yake mwenyewe, na kazi aliyowapa ilikuwa moja: tafuta bei ya chumba cha watu wawili, kisha weka chumba cha kesho. Mimi nilikatazwa kusema neno. Nilipotaka kumwelekeza mzee mmoja mnunuzi wa dagaa kutoka Kasulu, aliniambia kwa upole, "Mama, ukimsaidia hapa, akiwa Kasulu atasaidiwa na nani?"

Katika muda wa asubuhi moja niliona mambo ambayo kwa miaka yote hiyo sikuwa nimeyaona. Mzee yule alitoka hadi barazani akidhani tatizo ni mtandao, kumbe ukurasa wa kwanza peke yake ulikuwa na uzito wa megabaiti 9, na juani maandishi meupe juu ya maji meupe yakawa hayasomeki kabisa. Kijana mwingine alibonyeza namba yetu ya simu mara tatu bila kupiga, kwa kuwa namba hiyo ilikuwa sehemu ya picha. Muuguzi mmoja aliijaza fomu yote kwa uangalifu, fomu ikaikataa namba yake kwa sababu ilianza na sifuri, na onyo likatokea kwa Kiingereza juu kabisa ya ukurasa wakati yeye alikuwa chini kabisa. Alibonyeza tena na tena, kisha akaweka simu mezani. Fomu hiyohiyo ilidai msimbo wa posta kwa lazima, jambo ambalo hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyeweza kulijibu.

Tovuti mpya ilijengwa kutokana na asubuhi ile. Bei ziko juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, na chini yake kuna namba ya simu ambayo mtu akiigusa inapiga. Picha imebaki moja, imebadilishwa kuwa ya mfumo wa WebP, unaopunguza uzito wa picha, na ukurasa mzima sasa hauzidi kilobaiti 600. Maandishi ni meusi juu ya weupe. Mbunifu alinieleza kwamba miongozo ya W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya tovuti, inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, akanipimia ile ya zamani mbele yangu, na haikufika hata 2. Fomu ina nafasi moja tu ya jina, ambamo mtu anaandika majina yake yote anavyotaka. Namba ya simu inapokelewa ikianza na 0 au na 255. Na saa imeandikwa "saa 2 usiku", kwa maneno.

Yapo ambayo hayakuniridhisha. Kazi ilichelewa wiki tatu, nami sikuarifiwa mpaka nilipouliza. Pia kitufe kikuu kiliandikwa kwanza "Hifadhi nafasi", Kiswahili sanifu kisicho na kasoro, lakini katika simu zetu neno hifadhi ndilo linalotumika kutunza picha na namba, na wageni wawili waliamini kwamba wakibonyeza wataijaza simu yao. Tulibishana kidogo, kisha akakubali "Omba chumba", ambalo ndilo kweli, kwa kuwa chumba huthibitishwa nikikupigia.

Jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba alinifundisha kubadilisha maandishi mwenyewe. Ukurasa wa maelekezo ulikuwa bado unawaambia wanaotoka Geita wapange foleni ya kivuko cha Busisi, ilhali daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025. Niliurekebisha kwa dakika chache bila kumlipa mtu. Maswali ya bei kwa simu yamepungua sana, na wanaopiga sasa huanza na tarehe wanayotaka kuja.

Mbunifu amekubali kurudi Januari kukaa tena mapokezi na wageni wengine 5. Nimemwomba mmoja wao awe mtu asiyeona, anayetumia simu inayomsomea maandishi kwa sauti, kwa sababu mpaka sasa hatujajua picha yetu na ile kalenda ya kuchagua tarehe zinamwambia nini mtu huyo.