Hilux D-4D ya lita 3.0 (1KD): injini imara inayouawa na wosha nne

Sifa ya Hilux kwamba "haifi" ilijengwa na injini za zamani: 2L, 3L na hasa 5L (majina ya injini, si lita). Watu wengi wanaonunua dabo kabini iliyotumika leo hawapati injini hizo, ila wanaamini wamezipata. Kabla hujapatana bei, soma msimbo wa modeli kwenye kibati cha gari. LN166 ndiyo ya zamani. LAN25 ina 5L-E, ambayo pampu yake ya dizeli tayari inaongozwa kwa umeme. KUN25 ni 2KD ya lita 2.5. KUN26 ni 1KD ya lita 3.0, na GUN126 ni 1GD ya lita 2.8 iliyoanza 2015. Tathmini hii ni ya KUN26, Hilux ya kati ya 2005 na 2015, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa sana na ndiyo inayoumiza watu sana.

Kwa nguvu haina mshindani katika bei yake. Ina cc 2,982, turbo, na Newton-mita 343 zinazoanza mapema, hivyo tani moja mlimani inaipeleka bila kuhangaika na gia. 5L ina ukubwa ule ule (cc 2,986) lakini haina turbo. Ukiibebesha hivyo mlima mrefu utaupanda gia ya pili, foleni nyuma yako. Chuma cha 1KD ni kizuri: bloku, krenki na hedi hazina kasoro ya kutisha. Udhaifu wake uko chini ya kila nozo (kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda), kwenye wosha ya shaba inayoziba kati ya ncha ya nozo na hedi.

Wosha hiyo ikichoka, moshi wa mwako unapenya pembeni ya nozo na kupanda hadi chini ya kava la vali. Kwenye injini nyingi ungeusikia ukifuka nje ukaenda kwa fundi. Hapa unabaki ndani. Unapika oili, masizi yanachanganyika nayo na kuwa kitu kama lami, lami inashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na kujibandika kwenye wavu wa kunyonyea oili. Wavu ukiziba nusu, gari linaendelea kama kawaida. Ukiziba zaidi, beringi za krenki na za turbo zinakosa oili, na siku hiyo hakuna cha kurekebisha, ni injini nyingine. Mwenye gari atasema injini "imekufa ghafla". Ilianza kufa miezi mingi nyuma.

Dalili zipo, tena za bure. Gari likilala usiku kucha, liwashwe asubuhi likiwa baridi: mlio mkali wa kugonga unaopungua likipata joto ni wosha au nozo, au vyote viwili. Muuzaji akiwa amelipasha kabla hujafika, umekosa kipimo muhimu kuliko vyote. Omba kurudi kesho yake alfajiri. Angalia taa ya oili pia. Inapaswa kuzimika mara tu injini inapowaka. Ikikaa sekunde kadhaa, wavu unashukiwa. Kisha legeza kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma. Pumzi kidogo ni kawaida, lakini moshi unaosukumwa kwa mapigo, puu, puu, unatoka kwenye silinda moja yenye wosha mbovu au ringi zilizochoka.

Kipimo cha uhakika ni kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu, zile zinazouzwa kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili. Mwaga oili, ingiza kamera kwenye tundu la boliti ya sampu, tazama juu. Wavu safi unaonyesha matundu yake yote. Wavu wenye punje nyeusi unamaanisha sampu ya chini ishuke, wavu uoshwe kwa dizeli au ubadilishwe, na wosha zibadilishwe siku hiyo hiyo. Kuosha wavu bila kugusa wosha ni kupoteza oili. Unaporudisha sampu, silikoni iwe uzi mwembamba tu. Fundi anayepaka kwa ukarimu, ziada inabanwa kwa ndani, inakatika, na inakwenda kuziba wavu ule ule.

Kubadilisha wosha kunawezekana nyumbani kwa mtu mwenye soketi nzuri, spana ya kupimia ukazaji na subira. Unahitaji wosha nne za shaba, oringi za nozo, sili nne za kava la vali, gasketi ya kava, wosha za bomba la marejeo (linalorudisha dizeli iliyozidi), chujio la oili na karibu lita 7 za oili. Injini iwe baridi. Intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) iliyo juu ya injini inatoka kwanza, kisha puliza vumbi lote kwa hewa. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye bomba la presha, nozo imekwisha. Weka alama 1 hadi 4 kwenye mabomba na kwenye nozo, kwa kuwa kila nozo ina msimbo wake kwenye kompyuta ya gari na lazima irudi tundu lake. Mabomba yakitoka, ziba midomo yote papo hapo.

Ukishaondoa kava utaona bomba la marejeo na vibano vya nozo. Nozo iliyoganda izungushwe kidogo kidogo huku ukipuliza dawa ya kulegeza kutu. Usiitie mtaimbo. Kila nozo inayotoka, hakikisha wosha yake imetoka nayo. Ikibaki chini ya tundu na wewe ukaweka mpya juu yake, ncha inakaa juu kuliko inavyotakiwa, dizeli inapulizwa pasipo mahali pake, na pistoni inaungua. Kosa hili ni la kawaida kuliko unavyodhani. Mulika kila tundu kwa tochi. Kikalio cha wosha kisafishwe kwa brashi iliyopakwa grisi ili masizi yanase badala ya kuangukia kwenye silinda.

Wakati wa kurudisha, kibano kishikwe kwa mkono tu, nati za bomba la presha zianzwe kwa vidole mpaka zikae sawa, ndipo ukaze kibano, halafu bomba, kwa vipimo vya kitabu cha karakana. Ukikaza kibano kwanza, bomba linakaa upande na litavuja. Kabla ya kufunga kava, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya bomba la marejeo na uingize hewa ya presha ndogo. Povu likitoka, rudia. Dizeli inayovuja hapo haionekani nje, inaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi, na kijiti cha oili kitaonyesha oili inaongezeka. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe.

Mafundi waliozoea 5L wana tabia ya kulegeza nati ya nozo injini ikiwaka, kutoa hewa au kutafuta silinda iliyolala, yaani isiyochoma. Kwenye 5L ni sawa. Kwenye 1KD presha ya bomba hupita baa 1,000, na dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi na kuingia kwenye nyama. Hata kutafuta uvujaji, tumia kipande cha kartoni, si kiganja. Silinda iliyolala inatafutwa kwa mashine ya kusomea kompyuta: injini ikiwa moto, bila kukanyaga mafuta, namba ya marekebisho ya dizeli ya kila nozo iwe kati ya -3 na +3. Nozo iliyo mbali na hapo ipelekwe kwenye benchi ya kupimia nozo. Nozo za kukarabatiwa mtaani bila msimbo mpya, achana nazo.

Magonjwa mengine ni mepesi. Mngurumo unaopanda na kushuka wenyewe, au gari kukosa nguvu ghafla pamoja na msimbo wa hitilafu P1229, mara nyingi ni valvu ya kudhibiti dizeli kwenye pampu ya presha. Inashikwa na boliti mbili. Kwanza lakini badilisha chujio la dizeli na mwaga maji yaliyo chini yake, maana mafuta yaliyochakachuliwa ndiyo huiua valvu hiyo, na mpya itakufa vilevile. Masizi kwenye manifoldi ya hewa yanasafishika, kazi chafu isiyo na ugumu.

Mkanda wa taimingi ni zawadi ya wabunifu wa injini hii: mfupi, uko juu mbele, na puli ya krenki haiguswi. Taa ya T-BELT huwaka kwenye dashibodi umbali ukifika, kilomita 100,000 au 150,000 kulingana na soko gari lilikotengenezewa. Kwa gari lililotumika usiitegemee, kwani taa hiyo huzimwa bila mkanda kubadilishwa. Mkanda ukikatika vali zinakutana na pistoni. Badilisha pamoja na kikazio na puli yake, na kikazio kibanwe taratibu kwenye jiliwa kikiwa kimesimama wima, kisha kitiwe pini. Ukikilazimisha haraka, mafuta ya ndani yanapasua sili yake na utarudi kununua kingine.