TAHADHARI: Nimelizwa na muuza maua ya "Rozanne", msiingie mkenge kama mimi

Jamani, naandika nikiwa na hasira mpaka vidole vinatetemeka. Nilitaka kunyamaza kwa aibu, maana wengi wenu mimi ndiye niliyewaonyesha namna ya kugawa vichaka vya maua. Lakini jana nimeona tangazo lake tena, picha zilezile, maneno yaleyale, na watu wanauliza namna ya kulipa. Sinyamazi.

Nina sehemu chini ya ukuta kwenye bustani yangu, nilitaka ijae maua haraka. Ndipo nikakutana na huyu mtu. Alikuwa anauza vipande kumi vya mizizi ya Rozanne, aina ya ua la bustani liitwalo jeraniamu, na pakiti ya mbegu za Rozanne kama nyongeza. Picha ya ua la buluu ya zambarau, katikati jeupe, vishipa vyeusi vinaelekea ndani. Moyo ukaruka.

Msidhani nililipa kichwakichwa. Siku tatu nzima nilimhoji. Nikamuuliza anagawaje, akajibu bila kusita: anasubiri baridi iishe na machipukizi yaanze kutokeza, anachimbua kichaka kizima, anachomeka uma mbili za bustani katikati zikiwa zimepeana mgongo, anazitanua taratibu mpaka kinaachana, na kila kipande lazima kitoke na chipukizi lake na mizizi yake. Sasa niambieni, kosa liko wapi hapo? Ndivyo tunavyofanya sote! Akanitumia na video, mikono imejaa udongo, kichaka kinapasuka, sauti ya mizizi ikikatika inasikika kabisa. Akanisimulia na historia: kwamba mmea wenyewe ulionekana kwenye bustani ya mume na mke huko Somerset, Uingereza, ukapewa jina la yule mke, na kwamba mwaka 2013, maonyesho ya maua ya Chelsea yalipotimiza miaka 100, ndio uliochaguliwa kuwa mmea wa karne. Ni kweli yote. Nimeangalia tena leo, ni kweli. Mtu anayejua hayo unamwitaje tapeli? Na muda wote ni "dada yangu", "usijali dada yangu", "mimi siuzi, nagawana na wapenda maua wenzangu".

Halafu usiku, saa nne kasoro, ujumbe: vimebaki vya mtu mmoja tu, kuna mwingine anataka kulipa sasa hivi, nimkatalie? Mdogo wangu alikuwa amekaa hapo pembeni, akaniambia tuma nusu, nusu nyingine aipokee mzigo ukifika. Nikamwambia huyu ni mtu wa bustani, si muuza simu za wizi. Nikatuma yote. Yote!

Mzigo ukafika. Mfuko wa plastiki, ndani karatasi kavu, ndani ya karatasi vijiti kumi unene wa kidole cha mwisho. Nikakaa navyo mezani nikavigeuza kimoja kimoja nikitafuta chipukizi. Hakuna. Nikakwaruza kwa ukucha, maana mzizi ulio hai ndani ni mweupe na mgumu kidogo, una unyevu. Hivi ndani kahawia mpaka kati. Kimoja kilivunjika mkononi kwa mlio, kama kuni. Na bado nikajipa moyo, nikavilaza kwenye maji usiku kucha, nikavipanda kwenye mboji na mchanga, nikavifunika vizuri. Wiki sita. Nilipovichimbua vilisagika vidoleni.

Mbegu sasa. Nikaimwaga pakiti kwenye karatasi nyeupe, nikaona kila mbegu ina kishungi cha manyoya laini, kinapepea ukipuliza. Hiyo ni pelagoniamu! Yale maua ya vyungu vya dirishani yenye shina nene la majimaji, ambayo barafu ya usiku mmoja inayamaliza. Nikamwandikia, akanijibu, "Mama, jeraniamu ni jeraniamu." Dada kwisha, sasa ni mama. Wataalamu wa mimea walitenganisha jeraniamu na pelagoniamu tangu mwaka 1789, leo yeye anazirudisha pamoja ili ale hela yangu! Nikamtumia picha zote, akasoma, akanibloku.

Na kinachoniuma kuliko pesa ni hiki: Rozanne ni tasa. Ni chotara wa aina mbili za jeraniamu, himalayense na wallichianum, haitoi mbegu za kupanda. Ukiitaka nyingine unaigawa, au unachukua vipandikizi vya chini kabisa, vile vichipukizi vinavyotoka kwenye shina la mizizi. Hakuna pakiti ya mbegu za Rozanne duniani. Nilikuwa nalijua hilo! Nimeshawahi kulisema mbele yenu. Ila ile historia yake tamu ilinifumba macho, nikaona mbegu ni zawadi tu, sikuhoji.

Hata ile video, nimeiangalia tena kwa utulivu. Kile kichaka si Rozanne. Ni macrorrhizum, aina nyingine ya jeraniamu, yale mashina manene yanayotambaa juu ya udongo yanaonekana wazi, majani mapana. Hiyo hata ukivunja kipande ukakichomeka ardhini kinashika. Sijui video aliiba kwa nani.

Huyu mtu akamatwe. Sitaki kusikia "msamehe, ni maisha magumu". Anawalenga watu wanaoweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya bustani, anajifunza lugha yetu ili atuibie kwayo. Arudishe pesa ya kila mtu, afungiwe kila anapouzia, na namba anazopokelea pesa zifungwe. Nimesharipoti, na nitaripoti tena kesho na keshokutwa.

Mkiona tangazo la namna hiyo, ombeni picha ya kipande chenyewe siku hiyohiyo, kikiwa na tarehe imeandikwa kwenye karatasi pembeni, chipukizi lionekane. Mimi niliomba mara moja, akasema mvua inanyesha, nikaacha. Pia hakuwa tayari kupokea malipo mzigo ukifika. Na anaharakisha usiku.

Kama kuna aliyekwisha kununua mbegu zile, asizitupe wala asizipande zote. Piga picha ya vile vishungi karibu kabisa, pakiti ionekane nyuma, hifadhi na ujumbe wa malipo. Nitumieni, nazikusanya zote ziende pamoja na zangu.